Siku Mtani Alipoisifu Bekoni ya Mama

Bekoni ya dukani siipendi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole. Ukiikaanga inatoa maji, inajikunja, na mwisho unabaki na kitu chembamba chenye chumvi ambacho unakimaliza kabla hujajua umekula nini. Kosa si lao peke yao. Aliyeniharibu ni mama yangu, maana mtu aliyekuzwa na bekoni yake hawezi tena kuridhika na ya pakiti.

Mama aliijua kazi hiyo akiwa msichana, jikoni kwa masista wa misheni, kwa sista mmoja mzee ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa mkali hata kwa sufuria. Masista wale walisharudi kwao zamani, ila mama aliondoka na ujuzi. Anaishi Kigwa, kwenye shamba alilomwachia baba. Nguruwe akichinjwa kijijini anachukua nyama ya tumbo, ile yenye mistari ya mafuta na mnofu, anaikanda kwa chumvi ya Uvinza na asali ya porini, anailoweka kwenye maji ya chumvi ndani ya friji siku saba na kuigeuza kila asubuhi. Kisha anaitundika kwenye bani. Bani ni kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, na hilo lilikuwa la baba. Baba alipoacha kulima tumbaku, mama akalifagia, akalipaka udongo, likawa la bekoni. Moto wake ni wa magunzi ya mahindi, moshi mtupu bila mwali, siku mbili mfululizo. Nimeshawaona wapishi wenye vyeti ukutani. Sijamwona anayekaa mbele ya moshi kwa subira ile.

Mimi naishi mjini, Kanyenye, nashona sare za shule. Ukuta wangu umepakana na familia ya Kiarabu ambayo babu zao walifika Tabora na misafara, na kwa heshima yao sijawahi kukaanga bekoni kwangu hata kipande. Wao wananiletea halua na tende, mimi nawaletea mahindi mabichi na asali, na mambo ya nguruwe yanabaki Kigwa. Ndiyo maana nikiwa na hamu inabidi niende kwa mama, na nikiri tu kwamba safari zangu nyingi za kumjulia hali zilikuwa na hamu hiyo ndani yake.

Miaka miwili iliyopita mama aliugua mafua makali yaliyomlaza wiki tatu. Aliinuka, akarudi shambani, na sote tukashukuru. Mwezi mmoja baadaye nilimkuta akitia chumvi kwenye mchicha, akageuka, akatia tena. Nikadhani ni mawazo. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia ukweli: tangu augue hasikii harufu wala ladha. Chumvi, asali, limau, vyote mdomoni mwake vilikuwa kama karatasi. Daktari alimwambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Akanishika mkono na kuniapisha nisimwambie mtu, na hasa mdogo wangu.

Nilimwelewa. Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, ana moyo mzuri na haraka nyingi, na kwa miaka mingi amekuwa akitaka kumhamishia mama kwake. Angejua kwamba mama hasikii harufu ya kitu kinachoungua, hoja ingekuwa imeisha. Mama angekalishwa kwenye kochi ghorofa ya tatu mbele ya televisheni, bila shamba, bila bani. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa, si kingine.

Basi nikawa ulimi wake na pua yake. Kila akitengeneza bekoni aliniita nionje na ninuse. Lakini nikawa naona kitu kingine kilichonishangaza: alikuwa ananihitaji kidogo mno. Alijua ukali wa maji ya chumvi kwa kutia yai bichi na kutazama limeelea kiasi gani. Alijua nyama imeiva chumvi kwa kuibonyeza kwa kidole gumba. Moshi aliujua kwa rangi, na kikaangoni alisimama kando ameinamisha kichwa, akisikiliza. Mlio ukibadilika tu, anageuza. Bekoni aliyoipika bila kusikia harufu wala ladha ilikuwa tamu kuliko ile ya zamani. Nilimwambia hivyo, naye akasema niache kumdanganya, ila nilimwona amefurahi.

Sasa mdogo wangu, huko kazini kwake, alikuwa amejitapa kwamba hakuna bekoni nchi hii inayoifikia ya mama. Wenzake wakamcheka. Naye akaamua kuja Kigwa na pakiti tatu: moja imetoka nje ya nchi, moja ya Arusha, moja ya Iringa. Tungeyafunga macho yetu kwa vitambaa, tuonje zote nne, yeye arekodi kwa simu, video iende kwa hao wenzake na kwenye kundi la ukoo.

"Mama, hakuna longolongo," alisema kwenye simu, nami nimekaa kando ya mama. "Na wewe utaonja. Tuone kama unaijua yako."

Mama aliitikia kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipokata simu akaniambia niwahi kufika, Ijumaa.

Mwamuzi aliyealikwa ni mtani wetu, Mgogo mmoja mstaafu wa reli ambaye alioa Kigwa na hakurudi kwao. Kati ya Wanyamwezi na Wagogo kuna utani wa tangu enzi za misafara, na yeye na mama wameushika vilivyo. Yeye humwambia mama kwamba ukoo wetu wote una vichwa bapa kwa kubebea watu mizigo mpaka pwani. Mama humjibu kwamba babu zake walikaa njiani wakiwatoza wasafiri hongo kwa maji ya kunywa, na kwamba kwao mvua wanaisikia redioni tu. Baba alipofariki, ndiye aliyejilaza mbele ya jeneza akidai kuku kabla hatujapita, na mama, katikati ya kilio, akacheka. Bekoni ya mama ameila zaidi ya miaka thelathini, na kila mara amesema ni mbaya. Ameifananisha na soli ya kiatu, na mkanda wa askari. Kisha anaomba kipande kingine, kwa ajili ya uhakika.

Nilifika Kigwa Ijumaa alasiri. Mama alikuwa ameshaitoa nyama kwenye bani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Alinikabidhi kabla sijatua mkoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nusa."

Simu yangu ikaita papo hapo. Alikuwa mteja mmoja mwenye vurugu, anadai sketi ishirini za bluu Jumatatu. Nikaupokea ule mzigo kwa mkono mmoja, nikaupitisha karibu na uso huku nikibishana na yule mtu, nikamrudishia mama.

"Iko sawa," nikasema.

Sikunusa. Na kwa sababu bekoni zake zote za miaka miwili zilikuwa sawa, sikuona kama nimefanya kosa.

Jumamosi mama alizikaanga zote nne peke yake jikoni, na baada ya chai tulikaa uani. Mdogo wangu alipanga sahani nne zenye namba chini yake. Akamfunga mama kitambaa machoni kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha akawasha simu. Mama alichukua kipande cha kwanza, akakivunja kwa meno ya mbele, akatulia. "Hii imekatwa kwa mashine, nyembamba. Imetoka nje." Cha pili: "Hii ina maji. Arusha." Cha tatu alikizungusha mdomoni, akakisukuma kwa ulimi: "Mafuta mengi, nguruwe wa baridi. Iringa." Cha nne hakumaliza hata kukitafuna. "Hii nimeikata mimi, kwa kisu changu kisicho na makali."

Zote nne. Mdogo wangu akapiga kelele, akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa ili nisionekane macho yalivyolowa, maana ni mimi peke yangu niliyejua amefanya nini. Amezitambua kwa meno, kwa sauti, kwa unene na mtelezo. Nilijivunia mama yangu siku ile kuliko siku yoyote.

Ikaja zamu ya mtani na mimi. Tukafungwa vitambaa pamoja. Mtani alizitukana za pakiti moja baada ya nyingine, kwa raha zake, mdogo wangu akicheka hadi simu inatikisika. Tukafika sahani ya mwisho.

Nilipouma, nilijua. Ilikuwa tumbaku. Haikuwa harufu kwa mbali. Ilikuwa tumbaku yenyewe, kali na chungu, imekaa juu ya asali na haiondoki. Nilisubiri mtani aseme, kwa sababu mdomo wa mtani haufungiki, na kwa haki ya utani hakuna wa kumzuia.

Pembeni yangu alitafuna polepole. Akameza.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Hongera, mtani wangu."

Nilivua kitambaa. Mama alikuwa amesimama.

"Umesemaje?"

"Nimesema hongera."

"Mume wangu nimemzika, hukunipa pole. Wewe ulidai kuku," mama akasema. "Leo unanipa hongera. Nyama yangu ina nini?"

Mtani alivua kitambaa chake taratibu. Nilimwona akinitazama, kisha akimtazama mama, na nadhani alishafahamu. Mtu anayekula jikoni kwa mtu miaka thelathini anafahamu mengi.

"Ina tumbaku, mtani," akasema.

Mama akafumba macho kidogo. Akaeleza mwenyewe, kama anayesoma orodha: jirani alimwomba ahifadhi mitumba yake ya tumbaku bani kwa siku tatu akisubiri soko. Jirani aliichukua yote, lakini mabaki ya majani yatakuwa yamejikusanya nyuma, karibu na moto, naye hakuyafagia.

Mdogo wangu alichukua kipande, akauma, akakitema mkononi. "Mama, hii ni sigara kabisa! Wewe si umekula sasa hivi? Hukusikia?"

Angeweza kusema lolote. Angesema alitaka kutuficha aibu, tungeamini. Badala yake alikaa, akaweka mikono mapajani.

"Sisikii, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Harufu wala ladha."

"Dada, ulijua?"

"Alijua, nilimwapisha," mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Na hii ya leo hakuna aliyeipima. Ni uzembe wangu mwenyewe."

Nilikaa kimya. Naandika hivi kwa aibu: nilikaa kimya kabisa.

Mdogo wangu akazima simu. Akaanza kwa ile sauti yake ya upole wa ofisini, kwamba gesi, kwamba moto, kwamba umri, kwamba chumba kipo tayari Dar. Mtani akamkata.

"Umpeleke Dar akanuse nini, mtaro? Mtu kafungwa macho katambua nyama nne kwa meno. Wewe una pua nzima na jiko la mkaa unawashiwa."

"Mzee wangu, mimi nasema kwa usalama wake..."

"Usalama wake uko hapa, na majirani wake wako hapa." Kisha akamgeukia mama, na sauti ikarudi kuwa ile tuliyoizoea. "Na wewe, mpagazi! Miaka miwili unanilisha nyama ya kubahatisha, nami najichosha kutafuta maneno ya kuitukana! Hata leo umenitilia sumu, nikakuonea huruma mbele za watu. Umenitia aibu kwa Wagogo wote."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika upindo wa khanga na kujifuta macho, na alivyoendelea kujifuta sikujua tena kama ni kicheko tu. Mdogo wangu naye akashindwa, akacheka, akasema basi, tutaongea. Hawajaliongea tena hilo hadi leo, na mama yuko Kigwa.

Walipoondoka kwenda kulifagia bani, watu wazima watatu kila mmoja akidai ndiye anayejua kufagia, mama aliwaacha njiani akarudi. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Akachukua kitambaa, akasimama upande wangu, akaanza kukausha. Hakunitazama.

"Jana nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Ulinusa?"

"Hapana, mama. Nilikuwa kwenye simu."

Akakausha kikombe, akakipanga.

"Nikikuuliza, sikuulizi unifurahishe," akasema. "Nakuuliza kwa sababu sina pengine."

Nikamwambia nimekosa. Alichukua sahani niliyokwisha kuisuuza, akapitisha kidole juu yake taratibu, ukingo hadi ukingo, akanirudishia. Bado ilikuwa na mafuta.