Mama Waya na jino lililogoma kushuka

Saa mbili asubuhi. Mama Waya ameinama juu ya dereva mmoja wa lori, taa imemulika mdomo wake, na koleo jembamba linabandua vyuma vya mwisho kwenye meno yaliyonyooka sawasawa.

"Tulia hivyo hivyo, baba. Ukicheka sasa hivi nakubana ulimi."

Dereva anacheka. Nani angejizuia?

Jina la Mama Waya amepewa na wagonjwa. Kikazi ni daktari bingwa wa kupanga meno, mwanamke wa miaka arobaini na tatu mwenye vidole vyembamba na mdomo usiojua kupumzika. Wengi wanadhani kazi yake ni kufunga waya, basi. Wapi! Hata saa nne haijafika, ameshamwona mtoto anayenyonya kidole mpaka meno ya mbele yamechomoza, na amechukua umbo la taya la mwalimu ambaye meno yake ya juu na ya chini hayakutani, hutafuna upande mmoja tangu utotoni.

Karani aliyeacha kuvaa plastiki yake ya usiku, ile ya kuyashikilia meno baada ya waya kutolewa, ndiye aliyekiona cha moto. "Meno yana kwao, bwana. Ukiyaachia, yanarudi!"

Lakini leo roho yake iko mlangoni. Anamsubiri binti wa miaka kumi na tano ambaye chonge lake la juu, upande wa kulia, lililala kiubavu ndani ya mfupa na kugoma kushuka. Daktari wa upasuaji wa ghorofa ya juu alishauri ling'olewe kabla halijaharibu mzizi wa jirani yake. Mama Waya akaomba apewe miezi kumi.

Ufizi ulifunguliwa, mnyororo mwembamba ukagundishwa kwenye jino, ufizi ukashonwa. Tangu hapo, kila wiki ya nne, yeye huukaza na kukata pete moja. Miezi kumi inaisha leo. Jino lisipochomoza, keshokutwa linang'olewa.

"Chai imenishinda asubuhi," anakiri. "Watu wananiambia, si jino moja tu? Jino moja! Wao wakae na pengo hapa mbele na miaka kumi na tano, halafu waitwe ubaoni kusoma."

Binti anaingia akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Mama yake ametangulia, jasho linamtoka.

"Daktari, tumekwisha. Mtoto kaota jipu!"

"Jipu wapi?"

"Kwenye ufizi, hapo hapo penye mnyororo. Limeshaiva, usaha unaonekana. Siku ya nne leo namsukutulisha maji ya chumvi. Mpaka sindano nilichemsha nilitumbue, huyu akajifungia chooni."

"Angenitoboa kweli," binti analalamika kupitia vidole.

Mama Waya anavaa glavu mpya. Kama ni usaha, ugonjwa umeingia, na huenda hata keshokutwa isingojwe. Anamlaza binti, anavuta taa. Kweli, katikati ya ufizi mwekundu uliovimba kuna kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

Anachukua kichokoo cha chuma. Anakigusa.

Ti.

Anagusa tena. Ti, ti.

"Mama," anaita, "hebu njoo ulisikilize jipu lako."

"Nilisikilize?"

"Usaha haulii ukiugonga, dada yangu! Hili ni jino! Limetoka!"

Loo! Muuguzi anakuja mbio akidhani kuna aliyeanguka. Mama mtu anashika kichwa, anacheka huku machozi yanamtoka. "Yaani mimi nilitaka kulitumbua jino la mwanangu!"

Picha ya eksirei inapigwa, na daktari wa upasuaji anaitwa. Anaitazama picha, anautazama mdomo, anarudi kwenye picha.

"Haya," anasema hatimaye. "Nalifuta jina lake kwenye orodha yangu."

Mama Waya anampigia makofi daktari mwenzake.

Si kila mgonjwa anaondoka na bahati hiyo. Bingwa wa kazi hii katika hospitali nzima ni yeye peke yake, na wanaosubiri zamu ni mia tatu na arobaini. Wengi wamechelewa.

Ndiyo maana kuanzia muhula ujao, kila Jumatano, ataingia shuleni na kioo na tochi kuwapima watoto wa miaka tisa na kumi. Kibali ameshakipata. "Chonge ukilipapasa mapema ukajua limepotea njia, mara nyingine kung'oa jino la utotoni tu kunatosha kulifungulia mlango. Nikiwawahi, huo mnyororo wa nini?"

Kwenye kiti, binti ameomba kioo. Ameinua mdomo wa juu kwa kidole na anaangalia bila kupepesa.

"Daktari, naweza kuanza kulipiga mswaki leo?"

"Leo hii hii, mwanangu. Ila taratibu, ndiyo kwanza limefika."