Benchi la Kwenye Mivinje

Daktari kaniamuru nitembee, basi Jumamosi moja asubuhi nikaenda kwenye bustani ya ufukweni, upande wa Kawe, kwenye njia inayopita katikati ya mivinje. Nilipochoka nikakaa juu ya kiukuta kifupi cha saruji, nikawa namenya karanga na kutupa maganda nyuma yangu.

Akaja bibi mmoja kajitanda kanga, kashika chupa ya maji na fungu la mrehani. Mlinzi wa bustani alikuwa anamfuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea kidogo, umemkalia mume wangu."

Niliruka. Kumbe kiukuta kilikuwa na pande nne, na maganda yangu yote yalikuwa juu ya kaburi.

"Bibi, nilishakwambia," mlinzi alisema kwa upole, "hapa watu wanatembea tu. Mambo ya dua mpaka kibali cha ofisi. Halafu wiki ijayo mafundi wanavunja hiki, wanaweka benchi."

Bibi aliokota maganda yangu moja moja, akayafunga kwenye pindo la kanga. Akamwaga maji, akalaza mrehani, midomo ikicheza bila sauti.

"Waambie wasichimbe sana," alimwambia mlinzi, akaondoka.

Juzi nimepita tena. Benchi lipo, zuri, kivulini, na wapenda mazoezi tunalisifu. Nilikumbuka neno la bibi kuhusu kuchimba, nikalishika nikalitikisa kwa nguvu zangu zote. Halichezi hata kidogo.