Kioo cha Mnara

Kila alasiri, baada ya swala, mzee Nurudini alikaa kizingitini mwa duka lake la vitenge mjini Kibondo, akafuta kioo cha chemli kwa kitambaa cheupe. Hata umeme ulipofika hakuacha. Jirani yake Ildefonsi alimtania, "Mzee, na taa zote hizi, unamwashia nani?"

"Meli," alijibu.

Watu walicheka, maana kutoka Kibondo hadi baharini ni safari ya siku mbili. Binti yake Shadia, mwalimu wa Kasulu, hakucheka. Alijua kwamba babu yake alikuwa mtunza mnara wa taa pwani ya Tanga, na kwamba baba yake, akiwa na miaka kumi na saba, alitumwa kupanda kufuta kioo. Hakupanda. Alidandia lori la wafanyabiashara, akaishia huku milimani. Babu alifariki bila kumwona tena.

Mwaka 2014 macho ya mzee yalianza kuingia ukungu. Akamwomba Shadia jambo moja tu: ampeleke akakifute kile kioo kabla hajapofuka.

Walifika asubuhi. Mlangoni mwa mnara mzee alivua viatu, kama aingiaye msikitini. Kwenye ngazi ya kumi na moja magoti yakagoma. Akaketi, akihema, kisha akatoa kitambaa mfukoni na kumpa binti yake.

Shadia alipanda peke yake. Juu hapakuwa na kioo. Palikuwa na fremu iliyoliwa na kutu, na nje, kwenye chuma, kijitaa kidogo cha sola. Alisimama pale muda mrefu huku upepo ukimvuta mtandio. Mwishowe akakisugua kitambaa kwenye chokaa kuukuu ya ukuta mpaka kikachafuka, akashuka.

"Kilikuwa na vumbi sana, baba."

Mzee alikisogeza kitambaa karibu na macho, akakipapasa kwa vidole, akakikunja taratibu na kukitia mfukoni. Wakarudi Kibondo. Na tangu siku hiyo chemli ilibaki rafuni, haikufutwa tena. Shadia alidhani amemponya.

Mwaka uliofuata, mzee akiwa kitandani na pumzi zimempungua, alimwita binti yake aje kutoka Kasulu. Akapapasa kutafuta mkono wake mpaka akaupata.

"Ilikuwa chokaa, mwanangu," alisema. "Lakini ulipanda."