Benchi la Bibi Kwenye Tela

Trekta lilipokaza mnyororo, bibi yangu alikuwa amekaa kwenye tope, miguu ameinyoosha mbele, anaangalia tela letu linavyoondoka. Hakulia. Alikuwa anajisugua nyonga tu, ile mbovu. Nilimshika bega, na zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi juzi nilishuka ziwani, upande wa Chiwanda, nikalikuta lile tela. Limepakwa bluu, watu wanauziwa humo soda na dagaa wa kukaanga. Niliingia nikakaa. Mgongo wangu ulilijua lile benchi kabla macho hayajazoea giza.

Lilikuwa tela la kulala, la wazungu waliopima barabara. Walipomaliza kazi walimwachia babu, aliyekuwa mlinzi wao, kwa mdomo tu, mbele ya watu. Babu akafariki. Kisha bibi akateleza shambani, akavunjika nyonga. Kitanda cha kamba kikamshinda, na kulala chini ndiyo kabisa, maana kuinuka alikuwa hawezi. Akahamia kwenye tela.

Ndani kulikuwa na meza na mabenchi mawili yanayotazamana. Mateso matupu! Egemeo limesimama wima kama ukuta, ubao mwembamba, ukingo unakukata nyuma ya magoti, sponji limeliwa na panya. Jirani yetu seremala akaongeza ubao kwa mbele, akalaza egemeo kidogo, akaukata mguu wa meza, akautia bawaba, ili usiku ishuke ilingane na mabenchi, pawe kitanda. Ukingo bibi aliukwangua mwenyewe kwa kigae cha chupa mpaka ukawa laini kama mpini wa jembe.

Godoro ndilo lilitutesa. Tulijaza maganda ya mahindi; haukupita muda yote yamekimbilia pembeni, bibi amekalia mbao. "Mnanijazia kama gunia," akasema. Akatutuma nyasi, akazilaza kama tunavyolaza ngoro, yale mashimo ya kuzuia maji ya mvua, shambani kwenye mteremko: mistari inayokatizana, miraba miraba. Kwenye kila shimo la katikati akatia sufi ya miti ya kule kando ya ziwa, akashona. "Mvua ya mlimani haivunji ngoro, makalio yangu ndiyo yatavunja?" Tulicheka mpaka seremala akaweka randa chini.

Jioni alituita tukae naye. Ugali wa moto juu ya meza ile, mvua inagonga paa, harufu ya kahawa tuliyoianika imejaa hadi kwenye nguo. Bibi ameegemea, uso umetulia. Sijawahi kumwona hivyo tena.

Maana mwenyekiti wa kijiji alikuja na trekta, anasema tela la wazungu ni mali ya kijiji. Na aliyefunga mnyororo ni baba mdogo, mtoto wa bibi wa kumzaa!

"Mama, shuka, tuna haraka," mwenyekiti akasema.

"Hata shikamoo, mwanangu?"

"Shikamoo. Shuka."

Bibi akaomba aachiwe benchi moja tu. Baba mdogo akacheka. "Tela lisilo na benchi, mama, nani atalitaka?" Majirani walijaa pale, seremala naye yumo, wanatazama. Mwenyekiti na baba mdogo wakambeba, wakamtua kwenye tope.

Mvua zile bibi alilala sakafuni, kwenye mkeka. Kila alfajiri nilimsikia anauma meno ili asitupigie kelele. Kahawa ilipochanua tena, tulikuwa tumeshamzika.

Seremala hayupo tena. Baba mdogo naye amekufa, anajibu huko aliko. Mwenyekiti yupo, amezeekea Mbinga mjini. Nilimfuata kwake, akaniambia bila kuinuka kwenye kochi, "Hayo ya zamani, dada, yaache."

Siyaachi. Sina shule, sina wakili, na tela silidai. Nakuuliza wewe mwenyekiti, mbele ya hawa wanaosoma: uliponitolea bibi mle ndani, ulitaka alale wapi? Nijibu.