Bakteria Kwenye Friji ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu huosha sabuni kabla ya kuitumia. Siongezi chumvi. Alipiga deki wodi za hospitali mpaka akastaafu, na mtaani wanamwita Mama Dawa ya Choo, ila akiwa mbali. Mbwa wa jirani akimwona na ndoo, anaondoka mwenyewe.

Kiwanja cha nyuma ya nyumba ni chake. Mimi nililima tu, tena maharage yaliyotoka ya njano misimu miwili, yamedumaa utadhani yamefiwa. Shemeji yangu, fundi ujenzi, alikuwa anakimezea mate kile kiwanja. Mama akakata shauri: maharage yakishindwa tena, shemeji ajenge vyumba vya kupangisha. Nililia jikoni, siwafichi. Ndicho kipande pekee cha nyumba ile ambacho hakikunuka dawa.

Bwana shamba akanipa pakiti ya unga mweusi: bakteria. Unalowanisha mbegu kwa maji ya sukari, unazipaka ule unga kivulini, unapanda hapohapo. Wanaingia mizizini, wanavuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Wakipigwa na jua wanakufa, kwa hiyo niliwaficha kwenye friji ya Mama, nyuma ya maziwa. Aliponiuliza, nikasema ni dawa ya nywele.

Akanitazama kichwani. "Kweli unaihitaji," akasema.

Maharage yakatoka ya kijani, yamenenepa, nami nikaanza kuringa. Asubuhi moja nikamkuta Mama amechuchumaa shambani na glavu zake za mpira, ameshika mche aliong'oa. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu.

"Majipu," alisema. "Shamba zima linaumwa. Lete kiberiti, tung'oe yote tuchome."

"Mama, hao ni bakteria. Niliwaweka mimi."

"Umeniwekea bakteria kwangu?"

"Ndiyo, Mama. Walikaa kwenye friji."

Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye tope. Kabla hajapata pumzi ya kunifukuza, nikapasua kinundu kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu. Nikamwambia wekundu ule maana yake wako hai, wako kazini, ndio wanaoulisha mmea.

Akavua glavu. Akapasua kingine mwenyewe, halafu kingine.

"Na hakuna anayewaona," alisema.

"Hakuna, Mama."

"Hata asante hawapewi."

Aliwahi kunisimulia, mara moja tu, jinsi madaktari walivyokuwa wakikanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki, wakampita bila hata salamu. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulizoea.

Jumamosi shemeji akaja na futi yake ya kupimia, akajitoma shambani na mabuti. Mama akatokea mlangoni na ndoo.

"Wewe, toka hapo. Vua viatu, pita pembeni. Huoni watu wako kazini?"

Shemeji akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuona mtu. Akavua viatu.