Airsoft ya dirishani Wembley ilivyomrudisha mama yetu Tanga

Wakuu, habari za humu.

Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, sijasimuliwa. Juzi nimeona watu wanaulizana kama ukiwa UK unaruhusiwa kuweka airsoft nyumbani. Jibu ni ndiyo. Ila kabla hujaagiza, soma yaliyotukuta sisi.

Kwa wasiozijua, airsoft ni bunduki za mchezo, zinarusha vigololi vya plastiki. Zipo ambazo ukizitazama unaweza kuapa ni za kweli.

Kaka yangu, nimwite Bro Salim, anaishi Wembley, kazi yake kutunza wazee. Mwaka jana alifanikiwa kumleta mama kutoka Tanga kwa visit visa. Hakuwa amemwona tangu aondoke nyumbani. Miaka yote hiyo kwenye simu wimbo ni mmoja, mama njoo uone ninavyoishi.

Alimnunulia kitanda kipya. Mpaka mbuzi ya kukunia nazi aliisaka mjini akaipata. Alitaka mama akae muda wote wa viza, ashibe macho.

Mwanzo raha tupu. Kisha siku moja bro akiwa kazini, mtu akajaribu kuufungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa peke yake. Yule mtu akaondoka, na usingizi wa mama ukaondoka naye. Bro akitoka shift anamkuta sebuleni, kanga kichwani, taa zote zinawaka na nje jua kali.

Sasa hapa ndipo Ubongo wetu, yale mazoea ya nyumbani Bongo, ulipotuponza.

Kabla ya kuja huku bro alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi Dar. Walinzi wetu mnawajua wenyewe: gobole begani, risasi hakuna, na mwizi bado anapita mbali. Kazi ya ile bunduki ni kuonekana tu. Bro alilinda na chuma kitupu na hawakuwahi kuibiwa hata msumari.

Basi akaagiza airsoft online, ndefu, ya kijani kinachong'aa. Huku ukishatimiza miaka kumi na minane unauziwa hiyo ya rangi. Zile zinazofanana kabisa na bunduki halisi, lazima uwe na sababu inayokubalika kisheria, mfano uwe mchezaji aliyesajiliwa kwenye kiwanja cha mchezo huo.

Bro akaona kijani hakimtishi mwizi. Akanunua rangi ya kupuliza, akaipiga nyeusi tii, akaiegemeza kwenye dirisha la mbele.

Wakuu, kule kuibadilisha tu ifanane na ya kweli ni kosa la jinai, hata kama haitoki chumbani kwako. Bro hakujua. Mimi pia sikujua, ningejua ningeivunja kwa goti.

Na ubaya ni kwamba ilifanya kazi. Mama akaanza kulala.

Jumamosi moja nikatoka kwangu Stratford kwenda kuwasalimia. Tupo tunakula, tukasikia kipaza sauti nje, tunaamriwa tutoke mmoja mmoja mikono juu. Kumbe mpita njia aliiona dirishani akapiga simu. Barabara nzima polisi wenye silaha.

Siwalaumu. Wao wangejuaje?

Bro alitangulia, akalazwa chini akafungwa pingu. Nikabaki na mama mlangoni. Kiingereza hajui. Nikamwambia, "Mama, inua mikono."

Akainua viganja kama anaomba dua. Akatembea hivyo hivyo, peku, mpaka kwa wale askari, macho yote kwa mwanawe pale chini. Nilipofikishwa karibu yake akaniuliza kwa sauti ndogo, "Salim kaua nani?"

Mpaka leo sina raha nikilikumbuka hilo swali.

Baadaye ilieleweka. Airsoft ikachukuliwa, bro akahojiwa, akapewa caution. Wengine mtasema ni onyo tu, lakini linabaki kwenye rekodi, na kwenye kazi ya kutunza wazee rekodi inaangaliwa.

Ila si hilo lililomvunja bro.

Mama hakugomba. Aliomba tu tarehe ya tiketi ibadilishwe arudi mapema. Bro alimsihi, akapiga magoti kabisa. Mama akamshika kichwa, akamwambia, "Baba, mlango ule nikiutazama nakuona umelala chini. Niache niende."

Akaenda. Kitanda bado kipya.

Nilichojifunza: ya nyumbani yaache nyumbani. Ukiwa na airsoft huku usiibadili rangi, usiiweke inapoonekana na watu, ifungie. Barabarani usitoke nayo bila sababu ya maana, na ukiwa nayo iwe ndani ya begi lililofungwa. Mkiogopa wezi badilisheni kitasa. Kutojua sheria hakukuokoi.

Wanaozijua sheria hizi kuliko mimi waje wanisahihishe. Na aliyewahi kupatwa na kama haya aseme, labda bro atasoma ajue hayuko peke yake.

Ombi la mwisho kwa wa Tanga. Mama aliondoka mwezi wa nane, huku ni kiangazi, tunalala madirisha wazi kwa joto. Lakini huko mtaani anawaambia watu alirudi mapema kwa sababu baridi ya London ilimshinda. Ukikutana naye akakusimulia hivyo, mkubalie tu. Anamsitiri mwanawe.