Mashine ya Kumsomea Baba

Mimi kitu cha bure sikiamini. Nikipewa andazi la bure Ukunda nitauliza limekaa tangu lini. Basi fikiria hali yangu Alhamisi ile, nimeketi barazani kwa baba, Msambweni, laptopu mapajani, naunda programu ya bure iliyoandikwa na watu nisiowajua, ili kesho yake baba aweze kusomewa karatasi moja kabla hajaitia kidole.

Karatasi ililetwa na ami, mdogo wake baba. Alisema ni ya kukodisha minazi ya shamba la chini tu, mtu wa Diani aangue nazi kwa miaka mitatu kisha aondoke. Baba macho yamemwisha kwa presha ya macho. Anaona mwanga na vivuli, herufi haoni. Ami alimsomea, baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi ibaki kwake, kidole atatia Ijumaa baada ya swala. Ami alipoondoka, baba akanipigia simu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nani ajuaye alichokiruka?"

Nikamwambia nitakuja kumsomea mimi. Akakataa.

"Wewe nawe ni mtu. Kila anayenisomea ana lake. Mashine haina shangazi."

Nilicheka, lakini ilinichoma. Hata hivyo sikumlaumu. Alikuwa karani Matuga miaka mingi, amepiga taipu mikataba ya watu mpaka vidole vikaota sugu, na anajua karatasi hupindishiwa wapi. Tena mwenyewe nilikuwa nimeshamshuku ami kabla baba hajamaliza kusema.

Programu za kusoma karatasi zipo. Unaipiga picha karatasi, mashine inatambua herufi, kisha inasoma kwa sauti. Sauti laptopu ya baba ilikuwa nayo. Kilichokosekana ni kile kipande cha kutambua herufi, ambacho wenye kazi hukiita maktaba, kwa sababu programu nyingine huenda kuazima kwake. Laptopu yenyewe ni ya zamani, aliinunua alipostaafu, na maktaba zote zilizokwisha kuundwa zilikuwa za mashine mpya. Ikabaki njia moja: kuchukua msimbo, yaani maandishi yale yale ya walioitunga, na kuijenga maktaba humo humo ndani ya mashine yake.

Mimi kazi yangu ni kompyuta za hoteli moja Diani. Asubuhi ile niliupakua msimbo pale kazini. Kwenye ukurasa wao kuna mstari mrefu wa herufi na tarakimu, wa kuhakikisha kwamba faili halijaguswa njiani. Wengi huutazama mwanzo na mwisho, wakaridhika. Mimi niliulinganisha herufi kwa herufi, kidole juu ya skrini, mpaka mwenzangu wa mapokezi akauliza, "Kwani wasoma nini wewe, dua?" Nilipoona kila herufi iko sawa nikazidi kushuku, maana mwizi hodari huja na funguo. Hatua ya kwanza ya matayarisho nikaifanya huko huko kwa kuwa inataka mtandao, nikatia kila kitu kwenye flashi, nikaomba ruhusa.

Nilipofika, ami alikuwa barazani na baba, wanakunywa chai ya tangawizi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Njema."

Laptopu ilikuwa juu ya meza kati yao, imefunguliwa. Hilo nililiona kabla sijavua viatu. Baba akasema ameiwasha mwenyewe ili nisipoteze wakati. Hata hilo sikuliamini.

Nikachomeka flashi, nikaandika amri. Mistari ikaanza kuteremka kwenye skrini, mashine inakagua kama hiki kipo, kile kipo. Ikafika katikati, ikatoa onyo: faili hili limeandikwa wakati ambao bado haujafika. Kisha ikarudi mwanzo, ikakagua yote tena, ikatoa onyo lile lile, ikarudi mwanzo. Lahaula! Nikaisimamisha, nikaianzisha upya. Ngoma ile ile.

"Imekwisha?" baba akauliza.

"Bado, baba."

"Saa ngapi sasa?"

Nikatazama pembe ya skrini. "Saa tano na robo."

Nikaanza kuwashuku waliouandika msimbo. Nikafungua mafaili yao moja moja kutafuta kitu kilichofichwa, mimi ambaye nusu ya yale maandishi siyaelewi. Kila baada ya muda baba aliuliza saa, nami nilitazama pale pembeni nikamwambia. Nilipochoka kuwashuku watu wa mbali nikamgeukia wa karibu.

"Ami, mashine hii umeigusa?"

"Niiguse niifanye nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza. Nimeikuta wazi, na wewe ulikuwa hapa. Na karatasi ni ya kwako."

Ami aliweka kikombe chini, chai imefika nusu. Hakupandisha sauti. "Chuo cha Kurani nilikuwa nikikupeleka mimi, kila asubuhi, wewe huwezi hata kufunga mtandio. Leo waniuliza kama mwizi wa kuku." Akachukua kofia yake, akamwambia baba kwaheri, mimi akaniruka. Baba akaendelea kunywa chai yake, nami hilo nikalichukua kuwa ananiunga mkono. Nilikuwa na hasira, na kwa kweli nilifurahi kuwa ameondoka.

Adhana ya adhuhuri ilipolia baba akaingia ndani kutawadha. Nikabaki peke yangu na lile onyo. Safari hii nililisoma lote badala ya kuligombeza. Faili, liliniambia, limeandikwa saa 9:10. Nikatazama pembeni: 6:40. Sawa, nikasema, saa tisa haijafika kweli, sasa ni saa sita na dakika arobaini. Ndipo moyo ukanilipuka. Faili lile nimelitengeneza mimi, kazini, saa tatu na dakika kumi asubuhi! Saa ya kazini huandika tisa pale ambapo mdomo wangu husema tatu.

Na saa ya baba je? Saa zote za nyumba ile baba amezitega kwa Kiswahili tangu sisi wadogo. Ya ukutani, ya mkononi, mpaka ya laptopu. Kwake yeye saa mbili asubuhi ni mbili, basi na mshale uoneshe mbili. Mashine ilikuwa nyuma saa sita kamili, na kazi yangu ya asubuhi iliiona kama imetoka mbele. Mgeni angeshtuka mara moja kuambiwa ni alfajiri na jua liko utosini. Mimi nimetazama pembe ile tangu nifike, nimemtajia baba saa mara sita au saba, na kila mara ikakubaliana na mdomo wangu.

Nikasogeza saa, nikaandika amri. Ikateremka mpaka chini bila kurudi. Kwenye kusakinisha, mashine ilidai neno la siri la mwenyewe. Baba alikwisha kurudi kwenye kiti chake, akanipokonya laptopu, akaandika kwa kupapasa, mkono mmoja umefunika mwingine. Nyumba nzima tulikuwa wawili.

Ilinipasa niende kwa ami wakati ule ule kumtaka radhi. Sikwenda. Nilisema kwanza isomwe karatasi, maana ikionekana imeoza nitakuwa nimemwomba radhi bure.

Nikaipiga picha kwa kamera ya laptopu. Mashine ikakohoa kidogo, kisha ile sauti yake kavu ikaanza kusoma, kwa Kiingereza, kwa kuwa karatasi zetu za maana zote huandikwa hivyo na baba hakijampotea. Miaka mitatu. Minazi ya shamba la chini. Nazi tu, ardhi haimo. Neno kwa neno kama alivyosema ami, hata hakuruka nukta. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Baba akatikisa kichwa polepole. Kisha akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Na hii."

Niliijua kabla haijafunguka. Ilikuwa barua ya daktari wa macho, tuliyopewa hospitali kabla ya Ramadhani, na aliyemsomea siku ile ni mimi.

"Baba, hii ni ya zamani. Nilikwisha kukusomea."

"Najua. Nayo isomwe."

Ningeweza kusema picha imekataa. Asingejua. Lakini aliinamisha sikio kusubiri mlio wa kamera, nami nikashindwa. Mashine ikasoma. Ikasema uoni uliopotea hautarudi, jicho la kulia wala la kushoto. Ikasema dawa ya matone ni ya kupunguza maumivu, na huo mwanga uliobaki nao utakwenda. Mimi nilikuwa nimemsomea kwamba daktari anasema atie dawa kwa bidii, na Idi ikipita ataanza kuona.

"Rudia hapo," baba akasema.

Ikarudia, kwa sauti ile ile.

"Idi zote mbili zimepita," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nami nikidhani siitii vizuri hiyo dawa."

Nikamwambia anisamehe, sikutaka avunjike moyo. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaipapasa laptopu mpaka akapata kifuniko, akaifunga.

"Mpigie ami yako. Mwambie karatasi zangu kuanzia leo atanisomea yeye."

"Na mimi, baba?"

"Wewe uwe waja kunisalimia."

Nikapiga. Ami hakupokea mara ya kwanza, wala ya pili.